Pumzi, Usingizi na Kinywa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniomba niseme juu ya afya, nami nimechagua mambo matatu yanayodharauliwa kwa sababu kila mtu anayo tangu kuzaliwa: pumzi, usingizi na kinywa. Chama chetu hukusanya fedha kwa ajili ya wagonjwa na mazishi. Basi yafaa tutazame magonjwa yaingiayo polepole usiku, wakati mwenye mwili hana habari.

Mwenyezi Mungu ametupa njia mbili za kuvutia pumzi, lakini hazilingani. Pua huichuja hewa, huipasha joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Kinywa hakiwezi kazi hiyo sawasawa. Tena kikiachwa wazi usiku kucha hukauka. Na mate si kitu cha kutemwa tu: ndiyo yaoshayo meno na kuipunguza nguvu asidi inayoyatoboa. Hata mtu mwenye afya njema mate yake hupungua sana alalapo. Kwa hiyo kupiga mswaki usiku kuna maana kuliko asubuhi, ijapokuwa wengi wetu tumezoea asubuhi tu, tena huku tukizungumza na jirani. Wala mswaki wa mti usidharauliwe. Ncha yake ikitafunwa hata nyuzi zikawa laini, ukapitishwa kila jino ndani na nje, huondoa ukoga vema.

Sasa nije kwenye kukoroma. Kwetu ni jambo la mzaha. Husemwa ya kwamba mzee akikoroma amelala raha. Si hivyo sikuzote. Mtu alalapo nyama za koo hulegea, na ulimi hurudi nyuma. Njia ikiwa nyembamba, hewa huzitikisa nyama hizo, na hiyo ndiyo sauti tunayoicheka. Lakini kwa watu wengine njia huziba kabisa. Sauti hukatika ghafula, pumzi husimama sekunde kumi au zaidi, moyo hutaabika, kisha mtu hushtuka kwa mkoromo mkubwa na kuvuta hewa. Yeye mwenyewe hana kumbukumbu; mkewe ndiye ajuaye. Madaktari huhesabu: pumzi ikizibwa mara tano au zaidi kwa saa, hapo pana jambo la kutazamwa, ikifika mara thelathini, ugonjwa ni mkali.

Asubuhi mtu huyu huamka na kichwa kizito na kinywa kikavu. Mchana husinzia kikaoni. Watu humwita mvivu, na wengine hunong'ona kwamba amerogwa, kumbe hajalala. Damu yake huelekea kupanda shinikizo, na dawa za kuishusha hazimfai kama zipasavyo. Wanachama walio madereva nawaomba wasikilize hapa: mtu wa namna hii akishika usukani wa gari lenye abiria, hatari si yake peke yake.

Dawa ya kwanza haina gharama. Aliyenenepa apunguze uzito, aache pombe ya jioni, alale kwa ubavu. Kama hayo hayakutosha, kuna chombo kilichotangazwa mwaka 1981 na daktari wa Australia, Colin Sullivan, kinachopuliza hewa puani kwa kinyago hata koo lisizibe. Kingali kikitumika, ingawa bei yake ni nzito. Madaktari wa meno nao hutengeneza kifaa cha kuvaa kinywani usiku, kinachosogeza taya la chini mbele.

Juu ya vinywa vya wazee nitasema neno moja. Mzee dhaifu, akiwa usingizini, huvuta mate kidogo mapafuni pasipo kujua, na mate yenye vijidudu vingi huleta kichomi. Mwaka 1999 madaktari wa Japani walitoa habari za nyumba za kutunzia wazee: wale waliosafishwa vinywa kila siku walishikwa na kichomi kwa uchache kuliko wenzao. Basi mwenye meno ya bandia ayavue na kuyaosha kabla ya kulala. Na mwenye ugonjwa wa sukari atazame fizi zake, kwa maana sukari huziharibu fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kutulizwa.

Lakini lililonileta hasa mbele yenu, wazee, ni watoto, kwa sababu neno lenu husikilizwa nyumbani. Mtoto akikohoa sana au akitapika, wako kati yetu wampelekao kwa fundi akakatwe kilimi, ambacho wengine hukiita kidakatonge. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, husemwa ana meno ya nailoni, na ufizi wake huchimbwa kwa chuma. Kile kivimbe cheupe ni chonge lake la maziwa ambalo halijatoka. Likichimbwa, hata jino la ukubwani laweza kuharibika. Na kilimi hakileti kikohozi. Nimonia hukileta, kifua kikuu hukileta, moshi wa kuni chumbani walalamo watoto hukileta. Wembe humletea mtoto kutoka damu, pepopunda, na maradhi ya damu ikiwa umetumiwa kwa wengine. Zaidi ya hayo siku hupotea, na ugonjwa wenyewe ukaendelea.

Naye mtoto akoromaye kila usiku, mdomo wazi, akasinzia darasani, mara nyingi ana mafindofindo makubwa, au nyama zilizovimba nyuma ya pua. Daktari wa koo huweza kuziondoa hospitalini, na mtoto akalala.

Bwana Mwenyekiti, naomba mambo mawili yawekwe mbele ya Halmashauri kabla ya makisio ya mwaka ujao: kwamba fedha za Chama zisitolewe tena kumlipa mkata kilimi, kwa jina lolote litakaloandikwa daftarini, na kwamba mzazi mwenye mtoto mgonjwa apewe nauli ya kwenda hospitali siku ile ile aombayo, pasipo kungoja kikao.