Risala ya Vijana Katika Mkutano wa Mwaka: Kalenda Yetu na Gharama Zake

Ndugu mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti na kamati yako, baba zetu na mama zetu, kaka na dada mliopanda mlima kutoka Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha, na ninyi mliobaki huku Upare mkitutunzia nyumba: shikamooni.

Tunashukuru kupewa nafasi hii. Miaka iliyopita vijana tuliitwa mbele kuimba na kupokea kombe, kisha tukarudi nyuma kupanga viti. Safari hii mwenyekiti ametuambia tulete maneno na hesabu. Tumeleta vyote viwili, na kwa kuwa hesabu ndiyo itakayotuumiza, tuanze nayo.

Desemba iliyopita mlituchangia shilingi 2,400,000. Hatujawahi kupewa fedha nyingi kiasi hicho, na tuliwashukuru hapahapa. Mashindano ya mpira ya Krismasi yalikula shilingi 1,870,000. Humo mna kombe, mipira, waamuzi, jenereta na spika, chakula cha wageni siku ya fainali, na jezi seti mbili za shilingi 240,000 kila moja. Seti ya kwanza ilihitajika. Ya pili tuliinunua kwa sababu fainali ingeonekana vizuri zaidi kwenye picha. Tulibaki na shilingi 530,000 za kuendeshea miezi kumi na miwili.

Ada yetu sisi wenyewe ni shilingi 1,000 kwa mwezi, na tuko 38. Kwenye karatasi ni shilingi 456,000 kwa mwaka. Hadi Agosti zilikuwa zimeingia 140,000. Kijana anayelima tangawizi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Bei ikishuka, ada inalala, na mweka hazina akimkuta njiani anasalimiwa kwa mbali. Hilo tulipaswa kulijua tulipokuwa tunapanga, maana ni sisi wenyewe tunaolima.

Kwa hiyo tulikuwa na shilingi 670,000. Kitalu cha miti kilichukua 180,000, nauli za kushuka Same kufuatilia usajili na benki zikachukua 85,000. Zilizobaki, 405,000, ndizo zilizoendesha masomo ya jioni ya kidato cha nne tangu Februari. Wiki ya pili ya Agosti zikaisha.

Ndugu mgeni rasmi, tuombe radhi kwa kukaa kidogo hapo. Masomo ya jioni yalikuwa na wanafunzi 21. Wanasomea darasa tuliloazimwa, kwa taa tatu za sola. Mwalimu wa hesabu anatoka kata ya jirani na tunamlipia nauli tu, wala hajawahi kudai zaidi. Julai betri mbili zilikufa. Agosti nauli ikakosekana, na karatasi za mitihani ya majaribio pia. Kumaliza hadi mtihani wa Novemba tulihitaji shilingi 235,000. Jezi seti ya pili ilikuwa 240,000, nayo imevaliwa siku moja.

Wanafunzi tisa waliendelea kukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakisoma kwa tochi ya simu. Kumi na wawili waliacha. Hatuwezi kuwaambia matokeo yatakuwaje, yatatoka Januari. Tunachoweza kusema ni kwamba mama mmoja alikuja kwenye kikao chetu cha Septemba akauliza, "Mlipokuwa mnacheza mpira, hamkujua kuna Agosti?" Kikao kizima kilinyamaza. Shilingi 151,000 za ada ziliingia mwanzoni mwa Novemba watu walipouza mazao, mtihani ukiwa mlangoni. Hatukuzigusa. Zipo kwenye akaunti.

Baada ya kikao hicho tulikaa jioni nne kutengeneza kalenda. Zamani tulikuwa tunaanza na fedha: zikija tunauliza tufanye nini. Safari hii tulianza na tarehe zisizosogea. Mtihani wa darasa la saba uko Septemba, wa kidato cha nne Novemba. Mvua za masika zinaanza Machi, za vuli Oktoba, na mche usiposubiri mvua haushiki. Ndiva inasafishwa kwa msaragambo kabla ya maji kujaa. Tuliziandika hizo kwanza, kisha tukarudi nyuma tukiuliza kila moja inahitaji nini, na kwa muda gani kabla. Betri za taa ni jambo la Januari, si la Julai. Viriba vya miche lazima vijazwe miezi mitatu au minne kabla ya kupanda. Tulishangaa kuona kwamba karibu kila kitu kinachotukwama mwezi fulani kilikuwa cha kununuliwa miezi mingi nyuma, wakati ambao hatuna hata mia.

Kisha tukaufikia mpira, na hapo tulibishana jioni mbili kati ya zile nne. Mmepanda mlima mwaka huu mkakuta uwanja mtupu, na tumesikia manung'uniko tangu juzi. Mashindano tumeyahamishia Julai. Tuseme ukweli bila kumkosea mtu: ya Desemba tuliyapanga kwa ajili yenu. Mvua inanyesha, uwanja ni tope, nusu ya wachezaji wanatoka mjini kwa likizo, na kijana anayeishi hapa anabeba viti. Julai ni kipupwe, uwanja mkavu, shamba halina kazi nyingi, na wasichana watacheza netiboli siku hizohizo, si kupika. Tunajua kaka zetu wengine wanachanga kwa sababu wanakuja kuona fainali. Tunawaomba mje Julai. Asiyeweza, tutamtumia picha, kwa jezi zilezile.

Na wasichana tuliwapoteza kwa jambo dogo. Tulikuwa tunakutana saa kumi na mbili jioni, wakati mzazi hamruhusu binti kutoka. Kupata saa nyingine si rahisi huku kwetu: Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumamosi Wasabato wana ibada, Jumapili asubuhi Walutheri. Tumeshika Jumapili saa tisa alasiri. Tangu Oktoba wasichana wanaohudhuria wametoka watatu hadi kumi na mmoja, na aliyechaguliwa mweka hazina mpya ni mmoja wao.

Sasa gharama. Mwaka ujao mpango wote ni shilingi 2,000,000. Masomo ya jioni ni 760,000, kuanzia Februari hadi wiki ya mtihani, pamoja na betri mpya. Miti kwenye chanzo cha maji na usafi wa ndiva ni 310,000. Nguvu kazi ni yetu, fedha ni ya viriba, mbolea na majembe. Mikaratusi hatupandi, wazee wametukataza kuisogeza karibu na chanzo na tumewaelewa. Mpira na netiboli ni 690,000. Nauli na dharura 180,000. Iliyobaki, 60,000, ni ya kumlipa mtu wa kutufundisha kuandika vitabu vya fedha, kwa sababu vya mwaka huu vimeandikwa kwa kalamu tatu na miandiko mitano.

Katika hizo, zilizopo ni zile 151,000. Ada tumeikadiria 240,000, yaani kidogo zaidi ya nusu ya inayotakiwa, kwa sababu tumechoka kupanga kwa fedha ambayo haiji. Tunachoomba kwenu ni shilingi 1,609,000. Ni pungufu ya mliyotupa mwaka jana.

Lakini tunaomba zije kwa namna nyingine. Msitupe zote leo. Kaeni nazo kwenye akaunti ya chama, mtupe 500,000 Januari, 310,000 mwanzoni mwa Machi, 430,000 Juni mwishoni, na 369,000 Agosti mosi, kabla ya wiki ile. Kila awamu itoke baada ya kamati kusoma risiti za awamu iliyotangulia. Risiti zisipotimia, awamu isitoke. Wenzetu wawili walipinga jambo hili wakisema tunajifunga wenyewe kamba, na ni kweli tunajifunga. Tulipokuwa na fedha zote mkononi tulizimaliza siku ya fainali.

Ombi la pili ni gumu kidogo kulisema. Kila mwaka tunapata mtu wa kutoa kombe, kwa sababu kombe linaandikwa jina. Jezi pia. Hatujawahi kupata mtu wa kutoa betri, chaki, au nauli ya mwalimu. Hatuwalaumu, kadi ya mchango yenye neno "nauli" haivutii. Tunaomba tu safari hii mchango usifungwe kwenye kitu kimoja, uende kwenye mpango mzima. Majina yote ya wachangiaji yatabandikwa kwenye mlango wa darasa la jioni, mkubwa na mdogo kwa mwandiko mmoja.

Baadhi ya wazee wametuuliza kwa nini hatuendi halmashauri, kwenye ile asilimia 4 ya vijana. Mikopo ile ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na wenzetu saba wanaandaa maombi ya mradi wa kuku. Ni mkopo usio na riba, lakini ni mkopo: unarudishwa kutokana na mauzo. Taa ya kusomea haiuzi kitu. Kuku na masomo tumeviwekea vitabu tofauti ili kimoja kisije kumla mwenzake.

Ndugu mgeni rasmi, hatukuleta orodha ya mafanikio. Yapo machache: miche 600 ilipandwa, na iliyoshika tuliyoihesabu mwezi uliopita ni 412. Mingine ililiwa na mbuzi, na wenye mbuzi wako humu ndani, tutazungumza nao baadaye.

Kitabu cha mapato na matumizi kiko mezani karibu na mlango, kwa mweka hazina. Kila mtu akifungue kabla ya kuandika ahadi yake. Agosti iko ukurasa wa 14.

Tunaomba kuwasilisha.