Kabila au Mtungi wa Maji? Maambukizi ya Helikobakta Pilori Likoni, Kisauni na Changamwe



Vidonda vya tumbo vikizungumzwa mitaani kwetu, mmoja hulaumu pilipili, mwingine mawazo, na mara nyingi yuko anayenong'ona kwamba kabila fulani ndilo lenye matumbo mabovu. Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa.

Lakini vidonda vingi husababishwa na bakteria, Helikobakta pilori, na bakteria wenyewe wanajulikana. Robin Warren na Barry Marshall waliwaotesha maabarani mwaka 1982 huko Perth, Australia. Miaka miwili baadaye Marshall aliwanywa, tumbo likamwasha kweli. Wengi wetu huambukizwa utotoni, kwa mdomo, na watu wa nyumbani. Barani Afrika hukadiriwa kwamba takriban asilimia 70 ya watu wanao, wengi bila maumivu yoyote.

Mwaka 1991 watafiti wa Houston, Marekani, waliwakuta na bakteria hawa asilimia 70 ya watu weusi na asilimia 34 ya weupe. Hata walipozingatia kipato, pengo lilibaki. Mtu angeweza kuishia hapo akasema ni damu. Lakini mwaka 1994 watafiti hao waliuliza habari za utotoni, wakaona kwamba aliyekulia kwenye dhiki alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuambukizwa, hata kama leo anaishi vizuri. Tazameni pia Japani: wazee wengi wanao bakteria hawa, wajukuu wao wachache tu. Ukoo ni uleule. Kilichobadilika ni maji, vyoo na msongamano wa watoto chumbani.

Sasa turudi mitaani kwetu Mombasa: Chaani, Bombolulu na Mtongwe. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita: hiki cha Mgiriama, kile cha Mluhya, cha mkabala Mkamba, cha mwisho Mdigo. Choo ni kimoja, uani, na kisima hakiko mbali na shimo lake. Maji ya mfereji hutoka kwenye chemchemi za Mzima na Marere na visima vya Baricho, mbali kabisa na mji. Yakikatika, wapangaji wote humngoja muuza maji na mkokoteni wake, wasijue mitungi imejazwa wapi. Watoto wa vyumba vyote sita hupokezana kikombe kimoja. Hapo kabila litatueleza nini?

Sisemi kabila lifutwe kwenye fomu tunazowajazia wagonjwa. Mila zina nafasi yake. Mama anayemtafunia mtoto chakula, kwa mfano, anaweza kumwambukiza. Ninachokataa ni kuliandika kabila peke yake, kisha kulifanya ndilo jibu.

Na tuwe waangalifu na vipimo. Kipimo cha damu huonyesha kingamwili, nazo hubaki muda mrefu hata bakteria wakishakwisha. Nimewaona waliopona wakianzishiwa antibiotiki upya kwa sababu hiyo, na inaniuma. Kuhakikisha mtu amepona, tumieni kipimo cha choo, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na wiki mbili bila dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli.

Ombi langu ni maswali mawili yaongezwe kwenye fomu hizo, chini ya nafasi ya kabila: ulipokuwa na miaka mitano, nyumbani mlichota maji wapi? Na mlilala wangapi chumba kimoja?