Daftari la Njiani
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

(Kiongozi wa kikundi akiwa na ramani ya dunia aitundike ukutani kabla ya kuanza. Baada ya mazungumzo, wanafunzi wasome maandishi haya kwa zamu, polepole, kila mmoja fungu moja.)

  

Juma lililopita nilitembelea darasa moja la watu wazima. Wanafunzi walikuwa wakijifunza kuandika barua. Mzee mmoja akaweka kalamu yake chini, akaniambia: “Bwana Mwalimu, kusoma nakutaka, nipate kujua bei dukani na vibao vya barabarani. Lakini kuandika, niache. Mimi si karani. Nina nini mimi cha kuandika?”

Sikumjibu palepale. Swali la mzee halijibiwi kwa haraka. Leo namjibu yeye, nanyi nyote mnaosema kama yeye. Nami nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kumi iliyopita, mimi na rafiki yangu tulisafiri kwa pikipiki moja kutoka Iringa hadi Songea. Yeye alikuwa fundi, nami nilikuwa mwalimu kijana. Tulipopita Njombe mvua ilitunyeshea, baridi ikatushika, na jioni cheni ya pikipiki ikakatika. Mzee mmoja alitutoa barabarani. Alitupa ugali na maharage, akatulaza karibu na moto, na asubuhi akatusaidia kutafuta kipande cha chuma cha kuungia cheni. Tulipoagana tulimwambia, “Mzee, hatutakusahau kamwe.”

Rafiki yangu alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa. Mwaka huu mtoto wake wa kiume alikuja kwangu, akaniuliza: “Baba mdogo, mama anasema wewe na baba mlikwenda Songea kwa pikipiki. Baba alikuwaje njiani? Alisema nini? Mlilala kwa nani?” Nikafungua kinywa, nikakuta sina maneno. Jina la yule mzee nimelisahau. Jina la kijiji nimelisahau. Najua kwamba rafiki yangu alituchekesha usiku ule mpaka machozi yakatutoka, lakini alisema nini sikumbuki. Mimi nina diploma ya chuo kikuu, na mfukoni mwangu siku ile palikuwa na kalamu. Sikuandika hata neno moja.

Basi, nataka kuwapeni habari za marafiki wawili wengine. Wao nao walisafiri kwa pikipiki moja, wakapatwa na taabu kuliko sisi. Lakini wao waliandika.

Tazameni ramani. Upande wa magharibi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, liko bara la Amerika ya Kusini. Kusini mwa bara hilo iko nchi ya Argentina. Huko walikuwako marafiki wawili. Wa kwanza aliitwa Alberto Granado, umri wake miaka 29, mtaalamu wa kemia ya viumbe, ambaye alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya wakoma. Wa pili aliitwa Ernesto Guevara, umri wake miaka 23, mwanafunzi wa udaktari. Ernesto tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa pumu.

Pikipiki ilikuwa ya Alberto. Ilikuwa Norton ya mwaka 1939, yenye injini ya sisi 500. Waliipa jina la Kihispania, La Poderosa, maana yake Yenye Nguvu. Jina lilikuwa kubwa kuliko pikipiki yenyewe, maana ilikuwa imezeeka, na mizigo waliyoifunga nyuma ilikuwa mingi.

Waliianza safari mwishoni mwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa Januari 1952 wakaondoka Buenos Aires, mji mkuu. Ernesto alichukua na mbwa mdogo, zawadi kwa mchumba wake aliyekuwa katika mji wa Miramar, pwani. Kutoka hapo wakageuka kuelekea magharibi, penye milima mirefu ya Andes.

Njia ilikuwa ya mchanga na changarawe, na upepo mkali. Walianguka mara nyingi. Kila kitu kilichovunjika walikifunga kwa waya, na Alberto akaona kwamba waya ni fundi bora. Kwenye mji wa Bariloche, chini ya milima, barua ilimkuta Ernesto. Mchumba wake alimwandikia kwamba uchumba umekwisha. Aliisoma, akarudia kuisoma. Wanafunzi wenzangu, ninyi mliokwisha kujua kusoma barua zenu wenyewe, fikirini: je, mngependa barua ya namna hiyo isomwe na jirani?

Mwezi wa Februari walivuka mpaka wakaingia nchi ya Chile. Fedha zilikuwa chache. Katika mji wa Temuco waliongea na watu wa gazeti, na gazeti likaandika habari zao kwamba ni wataalamu wakubwa wa ukoma wanaozunguka bara zima. Toka siku ile walipofika mahali huonyesha kipande cha gazeti, na watu huwapa chakula na mafundi huwasaidia. Lakini gazeti lilikuwa limetia chumvi. Alberto alikuwa na ujuzi wa ukoma, ndiyo. Ernesto alikuwa bado mwanafunzi. Kwa hiyo shikeni neno hili: maandishi yaliyopigwa chapa yana nguvu, lakini si kila kilichopigwa chapa ni kweli tupu. Msomaji mwema husoma, kisha hupima.

Sasa sikilizeni habari za pikipiki. Karibu na mji wa Lautaro iliwaangusha tena, na giaboksi ikaharibika. Wakaitengeneza. Mbele kidogo walifika mlimani, injini ikakataa kupanda. Ilibidi wapakie pikipiki katika lori. Walifika mji wa Los Ángeles wa huko Chile, wakapewa mahali pa kulala na kikosi cha wazima moto, kisha wakapata lori jingine hadi mji mkuu wa Santiago. Hapo ndipo walipoiacha. Yenye Nguvu ilikuwa imekwisha nguvu.

Wengi wetu tungerudi nyumbani. Wao walijitwika mizigo, wakaendelea kwa miguu, kwa malori, na kwa meli. Na jambo la ajabu ni hili: safari yenyewe ilianza hapo pikipiki ilipokufa. Mtu aliye juu ya pikipiki huwapita watu, huwapungia mkono, akaenda zake. Mtu anayetembea kwa miguu hana budi kusimama na kuomba maji, kusalimu na kusikiliza.

Katika mji wa bandari wa Valparaíso, Ernesto aliitwa kumtazama bibi mmoja mzee, mtumishi, aliyekuwa na pumu kama yeye mwenyewe, na moyo mgonjwa. Alimpa dawa chache alizokuwa nazo, lakini alijua kwamba hazitamponya. Aliandika katika daftari jinsi maskini mgonjwa anavyogeuka kuwa mzigo machoni pa jamaa zake, kwa kuwa hawezi tena kuleta fedha nyumbani. Bibi yule hakujua kusifiwa wala kuandikwa. Kama si daftari lile, nani leo angejua kwamba aliishi?

Kutoka hapo walijificha katika meli iliyokwenda kaskazini. Walipogunduliwa walipewa kazi ya kusafisha vyoo na kumenya viazi. Kisha wakaingia jangwani. Usiku mmoja, mahali paitwapo Baquedano, walikutana na mume na mke waliokuwa wakitafuta kazi ya migodi. Mume alikuwa amefungwa gerezani miezi mitatu kwa sababu ya siasa, na watoto wao wamebaki kwa jirani. Usiku wa jangwani ni baridi kali, na wale mume na mke hawakuwa na hata blanketi moja. Marafiki wetu walikuwa na mablanketi. Wakawapa moja, wao wawili wakajifunika lililobaki. Asubuhi walishika njia ya Chuquicamata, penye mgodi mkubwa sana wa shaba, wakaona jinsi wachimbaji wanavyoishi. Hayo nayo yaliandikwa.

Walipita nchi ya Peru, na mwezi wa Juni 1952 wakafika San Pablo, kijiji cha wakoma kando ya mto Amazon. Walikaa huko karibu majuma mawili. Watu wengi wa siku zile waliwaogopa wakoma, hawakuthubutu kuwagusa. Marafiki hawa waliwapa mikono bila glavu, wakacheza nao mpira. Tena nawaambieni, nanyi mwaambie majirani: siku hizi ukoma unatibika kabisa kwa dawa, na mgonjwa aliyeanza kutumia dawa haambukizi. Hakuna sababu ya kumtenga mtu.

Walipoondoka, wenyeji waliwaundia chelezo cha magogo, wakateremka nacho mtoni. Wakapita Kolombia, na mwezi wa Julai wakafika Caracas, mji mkuu wa Venezuela. Hapo waliachana. Alberto alibaki kufanya kazi katika hospitali ya wakoma. Ernesto alirudi kwao kwa ndege akamalize masomo ya udaktari.

Huyo Ernesto ndiye aliyejulikana baadaye duniani kwa jina la Che Guevara, aliyepigana katika mapinduzi ya Kuba. Wako wanaomsifu, na wako wanaomlaumu kwa damu iliyomwagika. Shauri hilo tuwaachie wanaosoma historia. Lakini jambo moja latuhusu sisi wasemao Kiswahili. Mwezi wa Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi upande wa Kongo kwenda kuwasaidia waasi wa huko, na jina lake la siri lilikuwa neno la lugha yetu, Tatu. Huko alijaribu kujifunza Kiswahili. Vita vile alishindwa, akarudi Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka ule. Alifanya nini hapo Dar es Salaam? Alijifungia chumbani akaandika, na katika maandishi hayo alikiri wazi kwamba ni habari za kushindwa. Basi, si ushindi peke yake uandikwao. Aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967.

Na Alberto? Alihamia Kuba mwaka 1961, akafundisha na kufanya utafiti, akaishi mpaka Machi 2011. Naye alikuwa ameweka daftari lake la safari, nalo likapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1978. La Ernesto likapigwa chapa baadaye, miaka mingi baada ya kufa kwake. Mwaka 2004 ilitolewa filamu kutokana na madaftari hayo mawili. Pikipiki iliachwa Santiago. Vijana wawili wamekufa. Lakini bibi wa Valparaíso, na mume na mke wa jangwani, na wakoma wa San Pablo, wangali wapo, kwa sababu jioni, mwili umechoka, mtu alichukua kalamu akaandika mistari michache.

Msidhani kwamba waliandika vizuri mara moja. Ernesto aliporudi nyumbani alichukua daftari lake akayaandika upya mambo yale, akiyanyosha maneno. Kwa hiyo usione haya ukikata neno na kuliandika tena. Hata mwanafunzi wa udaktari alifanya hivyo.

Sasa, mzee wangu uliyeweka kalamu chini, narudi kwako. Umeuliza, una nini cha kuandika. Unalo jina la aliyekupokea ulipokuwa mgeni. Unayo siku uliyovuka mto uliofurika. Unayo maneno ya rafiki yako ambaye hayupo tena. Hayo karani hawezi kukuandikia, maana hayajui. Ukiondoka nayo, yamekwenda.

Nami nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika yote ninayoyakumbuka juu ya usiku ule wa Njombe, hata kama ni machache: mvua, cheni, maharage, moto, na vicheko. Palipo jina la mzee nimeacha nafasi tupu. Nitampa mtoto wa rafiki yangu. Na mwezi ujao, Mungu akipenda, nitapita tena njia ile, niulize kijiji kwa kijiji. Nikimkuta mzee, au watoto wake, nitaijaza nafasi ile.

Kazi ya juma hili ni hii:

1. Kwa nini marafiki wale waliwajua watu zaidi baada ya pikipiki kuharibika? Zungumzeni katika kikundi.

2. Gazeti la Temuco lilikosea wapi? Je, umepata kusikia au kusoma habari iliyotiwa chumvi?

3. Andika mistari mitano juu ya safari moja uliyosafiri, kwa miguu, kwa basi, kwa baiskeli, au kwa mtumbwi. Mstari wa kwanza utaje mahali. Mstari wa pili utaje mwenzako wa safari. Mstari wa tatu utaje taabu iliyokupata. Mstari wa nne utaje jina la mtu aliyekusaidia. Mstari wa tano ni wako, andika upendavyo.

Asiyejua bado kuunganisha maneno aandike jina moja tu, la yule aliyemsaidia. Jina moja latosha kwa kuanzia.