John Muir, Mtu wa Shamba na wa Milima

Leo nataka kusema habari za mtu mmoja ambaye jina lake ni mashuhuri sana Marekani, lakini huku kwetu wachache humjua, ingawa alipita katika nchi yetu. Mwanzoni mwa mwaka 1912, akiwa mzee wa miaka 73, alifika Mombasa, akapanda gari la moshi kwenda bara, akavuka Ziwa Viktoria ili aone mahali mto Nile unapotoka ziwani. Bunduki hakuwa nayo. Haja yake ilikuwa kutazama miti, milima na maji. Mzee huyo ndiye Bwana John Muir.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili, 1838, katika mji wa Dunbar, Uskochi. Baba yake, Daniel, alikuwa mtu wa dini kali mno. Mtoto alilazimishwa kukariri aya za Biblia kila siku, na aliposahau alichapwa. Kabla ya kutimiza miaka kumi na moja alikuwa amekwisha kulijua Agano Jipya lote kwa moyo, na sehemu kubwa ya Agano la Kale. Mwaka 1849 jamaa hiyo ilihamia Wisconsin, Marekani, ikaanza kufyeka msitu na kulima. John alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza, kwa hiyo plau ikawa yake tangu miaka kumi na miwili. Baba naye alizidi kuacha kazi za shamba, akashughulika na vitabu vyake vya dini na kuhubiri, watoto wakitoka jasho.

Ziko habari za kisima ambazo haifai kuzipita. Shamba lao la pili halikuwa na maji, na chini palikuwa na mwamba wa mchanga. John aliteremshwa kwa ndoo kila asubuhi, akachonga mwamba kwa patasi na nyundo peke yake, mwezi baada ya mwezi. Alipofika kina cha futi themanini hivi, asubuhi moja alikuta hewa mbovu imejikusanya chini, akaanza kulegea kama mtu aliyelewa usingizi. Alipoinua macho aliona tawi la mwaloni lililoinama juu ya mdomo wa kisima. Tawi lile likamzindua, akapaza sauti avutwe juu. Jirani mmoja akawafundisha kumwaga maji kisimani na kuikoroga hewa kwa matawi yaliyofungwa pamoja. Baada ya siku chache kijana akarudishwa chini, akaendelea mpaka maji yakapatikana kwenye futi tisini. Nasema waziwazi, baba yule alikosa huruma. Lakini lile tawi la mti halikumtoka mwanawe maisha yake yote.

Alisoma kidogo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha akafanya kazi viwandani, maana alikuwa fundi hodari wa mashine. Mwaka 1867, alipokuwa akitengeneza ukanda wa mashine katika kiwanda cha magari ya farasi huko Indianapolis, tupa ilimponyoka ikamchoma jicho la kulia. Jicho la pili nalo likapoteza nuru. Alilala wiki nyingi katika chumba chenye giza. Aliporudishiwa kuona, aliaga viwanda, akatembea kwa miguu maili zipatazo elfu moja mpaka pwani ya Florida, ambako homa ya malaria ilimwangusha karibu afe. Mwaka 1868 akafika California, na mwaka uliofuata akaandamana na kundi la kondoo zaidi ya elfu mbili kupanda malishoni katika milima ya Sierra Nevada. Huko ndiko alikoona jinsi majani na maua yanavyomalizwa na kwato. Huko pia alianza kuchunguza mabonde, na baadaye akaeleza kuwa bonde la Yosemite lilichongwa na mito ya barafu. Wataalamu wengine walimcheka. Leo inajulikana wazi kwamba barafu ilifanya kazi kubwa hapo.

Na imani yake je? Kanisani hakuonekana mara nyingi, lakini Mungu hakumwacha. Aliusoma mlima kama alivyosoma Biblia, na maandishi yake yamejaa maneno ya Maandiko aliyotiwa utotoni. Baba yake hakupendezwa. Mwaka 1874 alimwandikia barua ya kumkemea, akimwambia aache milima yake na theluji, amrudie Bwana. Watu wengi wangevunja undugu kwa barua ya namna hiyo. Mwaka 1885 John alihisi moyoni kwamba baba yake hana siku nyingi. Akaacha shamba, akasafiri mbali, akawakusanya ndugu zake, akawa kando ya kitanda mzee alipokata roho.

Nimetaja shamba. Tarehe 14 Aprili, 1880, alimwoa Bibi Louie Strentzel, binti wa daktari aliyetoka Poland na kulima matunda karibu na mji wa Martinez. Wakapata binti wawili, Wanda na Helen. Kwa miaka kadhaa Bwana Muir alikuwa mkulima hasa, wa zabibu na peasi, tena mkulima wa faida. Jioni aliwasimulia watoto hadithi, akawapeleka vilimani na kuwafundisha majina ya maua. Lakini alikonda, akakohoa, wala hakuandika kitu. Mwezi wa Agosti, 1888, akiwa safarini milimani, alipata barua ya mkewe, iliyosema kwamba shamba lisiachwe limwangamize mtu wala kazi aliyoumbiwa. Baadaye sehemu ya ardhi iliuzwa, nyingine ikakodishwa. Ninyi mlio wakulima mwajua uzito wa jambo hilo, kwani ardhi ile ilitoka kwa baba yake Bibi Louie, na yeye mwenyewe hakuvutwa kabisa na milima.

Matunda ya barua ile yalionekana upesi. Mwaka 1890, baada ya Bwana Muir kuandika makala mbili katika gazeti kubwa, serikali ilifanya Yosemite kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1892 alishiriki kuanzisha chama cha Sierra Club, akawa rais wake mpaka kufa. Mwezi wa Mei, 1903, alilala nje siku tatu pamoja na Rais Theodore Roosevelt, yule aliyekuja kuwinda huku kwetu mwaka 1909.

Lakini tusimfanye malaika. Katika bonde lile walikuwamo wenyeji, Waahwahneechee, waliovamiwa na askari mwaka 1851, na nyumba zao za mwisho ziliondolewa mwaka 1969. Bwana Muir katika ujana wake aliandika maneno ya dharau juu ya Wahindi Wekundu wa California. Baadaye, alipokaa na watu wa Alaska, aliwasema kwa heshima. Hata hivyo, haki ya wenyeji kukaa katika milima yao hakuipigania kama alivyoipigania miti. Sisi tunaojua maana ya kuhamishwa kwa ajili ya hifadhi hatuwezi kulipita neno hilo.

Bibi Louie alifariki mwaka 1905. Mwaka 1913 sheria ilipitishwa ya kujenga bwawa katika bonde la Hetch Hetchy, ambalo mzee alilitetea kwa miaka mingi. Mwezi wa Desemba, 1914, alikwenda jangwani kumtembelea Helen, ambaye mapafu yake yalikuwa dhaifu. Huko akashikwa na nimonia, akapelekwa hospitali ya Los Angeles, na kurasa za kitabu chake cha Alaska zikiwa karibu naye. Alikufa tarehe 24. Watoto wake wakamrudisha Martinez, wakamzika ubavuni mwa mama yao.