Waridi Jekundu Lilipogeuka: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tulianza na daftari moja na sanduku la mbao. Leo tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zinakaa nyumba tatu. Mhasibu atawasomea hesabu. Mimi wameniomba niseme habari za maua, kwa sababu kila mgeni anayepita kwetu anauliza, hivi Manyoni hii ya vumbi mawaridi yanaotaje?

Nitasema. Lakini siwezi kuyasema maua bila kusema kosa langu, kwa hiyo mnivumilie. Mimi ni mama wa darasa la saba, sina maneno ya kitaalamu.

Ndugu zangu, mwaka wa nne wa kikundi chetu mwenzetu mmoja alikopa, akasafiri, akarudi na miche ishirini na nne ya waridi jekundu. Alinunua kwenye kitalu cha mbali, nje ya mkoa wetu. Tukaichukua kwake kwa mkopo, kila mtu miwili au mitatu, tukakubaliana kulipa kidogo kidogo. Shabaha ilikuwa kuuza maua wakati wa harusi, Pasaka na mahafali ya shule, maana watu wa hapa walikuwa wakiagiza maua mpaka Dodoma.

Mwaka wa kwanza yalichanua vizuri sana, maua makubwa mekundu ya kupendeza. Kiangazi kilipokuja kikali, mimi Mwenyekiti nikasimama kwenye mkutano nikatoa agizo. Nikasema, jamani, mimea hii imechoka, kateni yote mpaka chini kabisa, kifuku kikija itachipua upya. Nilikuwa nimeona watu wakikata hivyo mimea mingine. Wenzangu wakatii.

Mvua zikanyesha, machipukizi yakatoka marefu, yana nguvu na miiba mingi. Tukafurahi. Yalipochanua, tukashangaa. Vimaua vidogo vyeupeupe vyenye wekundu wa kufifia, petali chache, siku mbili vimepukutika. Na tulikuwa tumeshapokea malipo ya harusi mbili!

Basi maneno yakaanza. Eti mwenzetu alituuzia miche ya porini. Eti alichanganya. Wengine wakagoma kumalizia deni. Na mimi, badala ya kutuliza, nilisimama mbele ya wanachama wote nikamwita tapeli. Neno hilo nililitamka kwa kinywa changu. Yule mama hakujibu kitu. Aliweka kitabu chake cha hisa juu ya meza, akaondoka. Mikutano minne hakuonekana, na wanachama wengine watatu wakamfuata. Sanduku likawa jepesi. Kwa kweli kikundi kilikuwa kinakufa.

Aliyetuokoa ni Bwana Shamba. Hakuja kwa ajili ya maua, alikuwa anapitia wakulima wa korosho, maana wilaya yetu imeingia kwenye zao hilo. Alipita nyumbani kwangu kuomba maji ya kunywa, akaliona waridi langu. Akaniuliza, mama, hili ulilikata wapi? Nikamwonyesha. Akaomba jembe, akafukua udongo taratibu kuzunguka shina.

Chini pale kulikuwa na kifundo, kama goti. Akaniambia, miche ya kununua mara nyingi ni miti miwili katika mmoja. Ni kama mikorosho ya kubebesha. Chini ni shina la waridi la aina nyingine, lenye mizizi migumu inayovumilia shida. Juu yake wamebandika kikonyo cha waridi zuri, wakafunga mpaka vikashikana. Kifundo ndipo vilipoungana. Ukikata juu ya kifundo, linachipua waridi zuri. Ukikata chini ya kifundo, waridi zuri umelitupa, linalobaki ni lile la chini, nalo litatoa maua yake lenyewe. Halikugeuka, mama. Ulilikata.

Ndugu zangu, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mwenzetu alileta miche mizuri. Aliyeiharibu ni mimi.

Mkutano uliofuata nilikwenda kwake asubuhi na mapema nikiwa na kanga mbili na shilingi za faini. Nilimwambia, dada, nimekuja kukuomba radhi nyumbani kwako, na jioni nitaomba mbele ya watu, maana nilikutukana mbele ya watu. Alilia, nami nikalia. Jioni nilisimama nikasema kila kitu, nikaweka faini mezani. Mjumbe mmoja alisema Mwenyekiti hapigwi faini. Nikamjibu kwamba Mwenyekiti asipopigwa faini, hiyo katiba yetu tukawashie moto. Tangu siku hiyo tuna kifungu kipya: asitokee mtu wa kumtuhumu mwenzake mkutanoni kabla kamati haijakwenda kuona jambo lenyewe kwa macho. Na yule mama leo ni mmoja wa wale watatu wenye ufunguo.

Sasa niseme tulichojifunza, ili mwenye bustani asirudie kosa letu.

Kwanza, unapopanda, tafuta kifundo. Kiache juu ya udongo kiasi cha vidole viwili ukione kila siku. Shimo liwe la futi moja na nusu, changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mwagilia kwenye shina asubuhi, si juu ya majani. Maji ya kisima chenye chumvi yanaunguza ncha za majani, kwa hiyo maji ya mvua mkiyakinga, wekeeni na mawaridi.

Pili, chipukizi likitoka chini ya kifundo, usilikate kwa kisu, maana litarudi na wenzake. Fukua mpaka linapoanzia, ulivute kwa nguvu ling'oke na kisigino chake. Msidanganywe na uzuri wake. Linakua haraka kuliko jingine kwa sababu linakula chakula cha jingine, na ukiliacha litaliua.

Tatu, si kila badiliko ni ugonjwa, na si kila badiliko ni udanganyifu. Kwenye joto kali ua linakuwa dogo, linafunguka upesi na rangi inapauka. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ikiingia usiku, ua lile lile linakuwa kubwa na rangi inakolea. Mvua ikiwa nyingi, tumba linaweza kuoza bila kufunguka. Ukiona petali zina kingo za kahawia na zimepinda wakati wa ukame, pasua tumba uangalie, mara nyingi utakuta vidudu vyembamba kama uzi. Kata hayo matumba uyachome.

Nne, lipo badiliko la heri. Bwana Shamba alitueleza kwamba mara chache sana tawi moja juu ya kifundo hubadilika lenyewe, likatoa ua la rangi nyingine. Lipo waridi la Ufaransa la Francis Meilland, la manjano hafifu lenye kingo za pinki, lililopewa jina la Peace mwaka 1945. Mti wake mmoja huko Chicago, Marekani, ukatoa tawi lenye rangi zilizokolea zaidi. Badala ya kulitupa, mwenye nalo akalizidisha, na tangu mwaka 1962 likauzwa kwa jina la Chicago Peace. Kwa hiyo ukiona jambo jipya, kwanza angalia limetoka juu au chini ya kifundo.

Katika miche ile ishirini na nne, tisa ilikuwa bado na tawi la juu lililo hai. Na nani alitufundisha kukata vipandikizi? Ni yule yule niliyemtukana. Tulikata vijiti vya urefu wa kalamu, tukaviotesha kivulini kwenye mchanga na mboji. Vingi vilikufa, vingine vikashika. Waridi la namna hii limesimama kwa mizizi yake lenyewe. Linakawia kukua na linataka maji zaidi, lakini hata mbuzi wakilitafuna mpaka chini, litachipua lile lile jekundu. Yale yaliyoko juu ya meza ya Mgeni Rasmi leo yametoka huko.

Lile la kwangu lililoharibika sikuling'oa. Liko pembeni ya ua, linachanua vimaua vyake vyeupeupe kila mwaka. Wajukuu wakiniuliza kwa nini bibi unalimwagilia, nawasimulia habari hii hii. Wapo wanaocheka. Na nyie chekeni tu, ila kesho mkifika nyumbani, kabla hamjakata, fukueni kwanza.

Mungu akibariki kikundi chetu, atujalie miaka kumi mingine.