Mgonjwa Aliyebadilika Ghafla



Wahitimu wetu wa uuguzi, mnakwenda wodini. Siku moja binti wa mgonjwa atawaambia, "Nesi, baba si yule wa jana." Msimjibu kwamba ni uzee. Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Akili ikivurugika ndani ya saa au siku chache, mara ikatulia, mara ikavurugika tena, hiyo ni deliriamu, nayo ni dharura.

Chanzo kitafuteni mwilini. Pimeni joto, sukari, oksijeni na malaria. Angalieni kama anakunywa maji, kama mkojo unatoka, kama ana nimonia. Kagueni dawa zake: diazepamu, hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, humvuruga mzee. Ulizeni kuhusu pombe. Mnywaji wa kila siku akiikosa ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka na kuona yasiyokuwepo. Ndugu wakisema karogwa, msiwabeze. Wasikilizeni, huku matibabu yakiendelea.

Anayepiga kelele hamtamsahau. Wa kuhofia ni aliyenyamaza: anasinzia mchana kutwa, hasumbui mtu, na kila zamu inamwandika "ametulia." Mwambieni ataje siku za wiki kinyumenyume. Akishindwa, na jana alikuwa mzima wa akili, mwiteni daktari.

Kinga haidai mashine. Mwaka 1999, Dkt. Sharon Inouye na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wazee waliolazwa. Kuwapa miwani na vifaa vya kusikia, kuwanywesha maji, kuwatembeza, kulinda usingizi wao na kuwakumbusha siku na mahali walipo kulipunguza deliriamu kutoka asilimia 15 hadi takribani 10. Sisi tuna hazina ya ziada: ndugu kando ya kitanda. Binti anayemnywesha baba uji na kumtajia wajukuu wake anasaidia tiba. Msiharakishe kumtoa nje. Wala msikimbilie kumfunga mzee kitandani. Kamba humzidishia hofu na vurugu.

Ombi langu kwenu ni moja. Ndugu akisema mgonjwa wake amebadilika, liandikeni neno lake kwenye faili, na lichunguzwe kabla zamu yenu haijaisha.