Mkate Uliopotea

Jumapili hii twapenda kuzungumza nanyi habari za meza. Hatusemi meza ya altare, ingawa nayo haiko mbali, bali meza ya kawaida ya chakula. Na tutaanza na meza moja tuliyoketi ugenini zamani, tulipokuwa wanafunzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa vijana watatu kutoka Afrika Mashariki, tukisoma katika mji wa Lyon, kule Ufaransa. Mji ule husifiwa na Wafaransa wenyewe kwa upishi wake. Sifa hizo tulizisikia, lakini hatukuzionja, maana mfuko wa mwanafunzi hauingii hotelini. Adhuhuri tulikula katika bwalo la wanafunzi kwa bei nafuu, na jioni kila mmoja alijipikia wali chumbani mwake. Chakula cha wenyeji kwetu kilikuwa kitu cha kuchekwa. Tulicheka mkate wao mrefu kama fimbo. Tulicheka jibini lao, ambalo harufu yake hutangulia kuingia mlangoni. Tulijiambia kwamba watu hawa hawajui kula, nasi hatukuwa tumewahi kuketi nao mezani hata siku moja.

Hapo mwenzetu mmoja akaacha kuja bwaloni. Tulipomwuliza, alisema amechoshwa na vyakula visivyo na ladha. Tulimwamini, kwa sababu ilitufaa kumwamini. Kumbe kila mwezi alikuwa akituma nyumbani nusu ya fedha zake, ili wadogo zake wawili walipiwe ada ya shule. Yeye mwenyewe alikula mara moja kwa siku, tena chai na wali mkavu. Sisi tulimwita bahili. Tuliona suruali ikimlegea kiunoni, tukanyamaza. Kosa hilo twaliungama mbele yenu leo, maana ndilo linalotufanya tuyaseme haya.

Katika jengo tulilokaa, ghorofa ya chini, aliishi mama mmoja mjane, mtu mzima wa makamo ya bibi zetu. Salamu zetu na zake zilikuwa za mlangoni tu. Siku moja alitusimamisha, akamtazama mwenzetu kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Jumapili mje kula kwangu, nyote watatu." Mwenzetu alikataa. Kwa lugha yetu alitunong'oneza, "Nitakwendaje sina cha kupeleka? Mkono mtupu haulambwi." Tulimsihi hata akakubali.

Jumapili ile ndipo tulipoanza kukijua chakula cha Kifaransa. Kwanza zililetwa karoti zilizokwaruzwa, zenye mafuta na siki. Tukadhani mlo ndio huo, tukajishibisha mkate kwa huzuni. Kisha ikaja supu. Baada ya supu ikaja nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole tangu asubuhi, pamoja na karoti, vitunguu liki na viazi, na kando yake haradali na chumvi ya mawe. Chakula hicho wao hukiita pot-au-feu, yaani chungu kilicho motoni. Tulipokionja tulitazamana. Ilikuwa ni nyama ya kuchemsha ya mama zetu! Tuliyokuwa tukiwacheka walikuwa wakila kama sisi.

Baada ya nyama likaja jibini. Tulisita. Mama yule hakukasirika; alitueleza kwamba hayo ni maziwa yaliyogandishwa, yakatiwa chumvi, yakaachwa yangoje. Mmoja wetu, mwana wa wafugaji, alikumbuka kibuyu cha maziwa ya mgando cha babu yake. Akala, akaomba kipande cha pili.

Ndipo likatokea jambo ambalo hatujalisahau. Mwenzetu, akidhani haonekani, alichukua vipande viwili vya mkate na kuviingiza mfukoni mwa koti. Sisi tulimwona, tukaona aibu kubwa. Mama naye alimwona. Hakusema neno. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani yenye vipande vya mkate wa juzi, mkate uliokwisha kuwa mgumu, aliouloweka katika maziwa na mayai, akaukaanga kwa siagi, akaunyunyizia sukari. Tulimwuliza jina la chakula kile. Akajibu, "Pain perdu. Maana yake, mkate uliopotea."

Kisha akaketi, akatusimulia utoto wake. Katika vita vikuu vya pili, na hata baada ya vita kwisha, mkate ulitolewa kwa kadi nchini Ufaransa. Mgawo huo ulianza mwaka 1940 na haukuondolewa kabisa hadi 1949. "Nami," alisema, "nilikuwa nikificha mkate mfukoni. Nilimfichia mdogo wangu." Alisema hayo bila kumtazama yeyote. Mwenzetu aliweka uma chini, akafunika uso, akalia. Mezani pale, mbele ya mwanamke mgeni kwetu, alitoboa siri aliyotuficha sisi ndugu zake.

Tangu siku ile Jumapili zote tulikula pamoja. Ya pili tulipika sisi, naye akala ugali kwa mkono, akatucheka tulivyomfundisha kuumega. Baadaye alituambia kwamba tangu mumewe afariki alikuwa akila wima jikoni, kwa kuwa hakuona sababu ya kutandika meza kwa mtu mmoja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenzetu alimaliza masomo yake, na wadogo zake wakamaliza yao.

Ndugu wapendwa, mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza mlo wa Kifaransa wa siku za furaha katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kilichoheshimiwa hapo si chakula fulani, bali ile desturi ya watu kukusanyika, kutandika meza, kula kwa utaratibu na kuzungumza. Mwaka 2022 ukafuata ufundi wa kuoka ule mkate mrefu tuliokuwa tukiucheka. Nalo neno lao la rafiki, copain, asili yake ni mtu unayekula naye mkate mmoja. Kwa hesabu hiyo, sisi watatu tuliokaa miezi ile jengo moja hatukuwa marafiki bado. Tulikuwa majirani tu.

Wale wanafunzi wawili wa Emau walitembea na Bwana njia nzima, akawaeleza Maandiko, wasimtambue. Walimtambua alipoumega mkate. Sisi nasi tulitembea na mwenzetu kila siku, tukazungumza naye vitabu na mitihani, tusimtambue mpaka mkate ulipomegwa. Kuna njaa ambayo haisemi njiani. Husema mezani, tena mbele ya mtu asiyeiaibisha.

Wala msidhani njaa ya wanafunzi ni habari ya zamani. Mnamo Januari 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ya Ufaransa iliamua wanafunzi wote wa vyuo wauziwe mlo kwa euro moja, maana wengi walikuwa wamekosa vibarua vyao na chakula pia. Ikiwa ni hivyo katika nchi yenye mikate mingi namna ile, je, kwetu?

Katika parokia zetu wamo vijana waliotoka mbali, wanaosoma vyuoni na kulala vyumba vya kupanga. Twawaona kanisani, wamevaa vizuri, wanaimba kwaya. Tukiwauliza kama wamekula, watasema wamekula. Basi tusiwaulize, tuwaalike. Tusingoje kuku wala pilau. Hata kiporo kilichopashwa moto kwa upendo ni karamu. Nanyi makatekista, mnaowajua kwa majina, tazameni nani amepungua mwili, nani ameacha kuja na wenzake. Na akitia kitu mfukoni, msimwone mwizi. Ongezeni sahani.

Na wewe kijana uliye ugenini, usikatae mwaliko kwa kuwa huna cha kupeleka. Huenda mwenyeji wako naye anakula wima jikoni, akingoja mtu wa kumtandikia meza. Chakula usichokijua usikicheke kabla hujaketi na aliyekipika.

Mwenyezi Mungu, asiyependa kitu chochote kipotee, wala mkate wala mtu, azibariki meza zetu leo. Amina.